Kipande cha Kuzima

Usiitafute Maridhia kwenye ramani. Ramani ya dunia iliwahi kuletwa huko na wageni, ikakatwa vipande saba, na kile kipande chenye Maridhia yenyewe kikaangukia Idara ya Misitu. Wao walikibandika ukutani kichwa chini miguu juu, na mpaka leo hawaelewi kwa nini mito yao inapanda.

Kukata huko si ukorofi. Ni mila ya serikali na ina jina lake: Mgao wa Haki. Kila kitu kinachotoka nje hugawanywa sawa kwa idara saba za Wizara ya Viwanda na Utulivu, ili asiwepo mkurugenzi wa kununa. Lilipokuja gari la zimamoto, Mipango walipata ngazi, Takwimu wakapata mpira wa maji, na Itifaki wakapata king'ora, ambacho sasa hupigwa saa nne kamili kuwaita watu kwenye chai. Moto ukitokea, idara saba huandikiana barua. Maridhia husifiwa sana kuwa ni nchi ambayo nyumba zake huungua kwa utaratibu.

Sadala Mkanzabi hakuwa na ugomvi na mila hiyo. Yeye alikuwa fundi wa mvuke katika Kiwanda cha Sabuni cha Taifa, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja: kusimama kwenye ngazi ya chuma kando ya beseni kubwa la kuchemshia sabuni, beseni lenye kina cha watu watatu waliobebana mabegani, na kushika gurudumu la vali ya mvuke. Sabuni ikilala, anafungua mvuke. Sabuni ikianza kupanda, anafunga. Basi.

Shule aliiacha darasa la tano, lakini sabuni aliijua. Sabuni iliyotulia huguna kama mzee anayesikiliza redio. Inayotaka kupanda hunyamaza kwanza. Ikinyamaza, una dakika tano. Ukizichezea, povu la moto lenye kostiki, dawa inayobabua ngozi, linavuka mdomo wa beseni na kuteremka hadi chumba cha chini, wanakokaa wanawake thelathini na wawili wakikata miche ya sabuni. Mmoja wao alikuwa mkewe, Mwantumu.

"Baba Nuhu," Mwantumu alikuwa akimwambia kila asubuhi wanapofunga mlango, "leo usisinzie. Nikimwagikiwa na sabuni yako, msibani kwangu usije."

"Nisipokuja watu watasema."

"Waache waseme. Mimi nitakuwa sisikii."

Kisha walikuwa wakienda kazini, yeye juu, mkewe chini, na beseni katikati yao.

*

Siku moja Wizara iliita mkutano mkubwa, na Sadala akaalikwa ili kiti cha wananchi kisikae kitupu. Mbele yao alisimama mgeni mmoja mpole, mwenye miwani na jasho, aliyekuja kuuza programu ya kompyuta.

"Kwa programu hii," alisema yule mgeni, "unachora kiwanda chako chote kwenye kioo. Tangi unaliweka hapa, pampu pale, vali, kipimajoto, kengele. Halafu unaiwekea masharti: joto likifika kiasi hiki, vali ile ijifunge. Ukimaliza kuchora, kompyuta inakiendesha kiwanda kama ulivyokichora. Na uzuri wake, imetengenezwa kwa vipande. Kila kipande kina kazi yake, na vyote vinaungana. Vipo saba..."

"Vingapi?" Katibu Mkuu, Dakta Bwigane Sanduli, aliinuka kitini.

"Saba, mheshimiwa."

Dakta Sanduli alitoa leso. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuona kitu kinaingia Maridhia kikiwa kimeshakatwa.

"Ndugu wakurugenzi," alisema akijifuta macho, "hatimaye dunia imetuelewa."

Wakurugenzi walipiga makofi. Mgeni alijaribu kueleza kwamba vipande hivyo havina maana vikikaa mbalimbali, kwamba sharti viwe kwenye kompyuta moja, na wanaovitumia wawe watu wanaozungumza.

"Ondoa shaka," alijibu Dakta Sanduli. "Wakurugenzi wetu huzungumza kila mwaka."

Mgao ukafanyika papo hapo. Mipango walipata kipande cha kuchora matangi. Takwimu wakapata vipimajoto, Utumishi wakapata vali, Itifaki wakapata kengele. Misitu walipata pampu, wakauliza kama inapandwa msimu wa mvua. Uenezi walipata rangi za kwenye kioo na wakafurahi kuliko wote. Kikabaki kipande cha saba, diski ndogo nyeusi, na idara moja, Ukaguzi.

"Hiki ni cha nini?" aliuliza Mkurugenzi wa Ukaguzi, Bwana Tegemea.

"Ni cha kuzima," mgeni alimjibu. "Kukitokea hatari, hiki kinasimamisha kila kitu. Kwa kweli ndicho muhimu kuliko..."

"Mimi nina familia," alisema Bwana Tegemea. Alikuwa ameshasogeza kiti nyuma. "Mnataka niitwe Mkurugenzi wa Kuzima? Gazeti liandike Tegemea azima kiwanda? Nipeni hilo boksi lililokuja navyo. Boksi linanitosha."

Akapewa boksi. Lilikuwa boksi zuri, lenye sponji ndani.

Sadala aliinua mkono. Alikuwa hajawahi kuinua mkono mbele ya watu wenye tai.

"Samahani waheshimiwa. Sasa nani atazima?"

Dakta Sanduli alimtazama kwa huruma.

"Ndugu fundi," alisema, "sisi tumekuja hapa kuwasha."

Kwenye kumbukumbu za mkutano iliandikwa: mwakilishi wa wananchi alitoa shukrani. Watu walipokuwa wakitoka, mgeni alimtia Sadala ile diski nyeusi kiganjani, akamkunja vidole. "Itunze," alimnong'oneza. Sadala hakuwa na kompyuta. Alikuwa na mfuko wa shati, akaitia humo.

*

Idara sita zilichora kwa miezi minane, kila moja ofisini kwake, mlango umefungwa.

Mipango walichora beseni. Hawakuchora lililopo, maana ukichora kilichopo utakuwa umepanga nini? Walichora beseni litakalokuwepo mwishoni mwa Mpango wa Miaka Mitano, refu zaidi kwa mita mbili. Takwimu walikataa kipimajoto chao kitaje joto la sasa hivi, kwa sababu joto la sasa hivi ni uvumi. Kitataja wastani wa juma zima. Utumishi walizipanga vali kwa vyeo, na vali ndogo ikitaka kujifunga sharti ipeleke ombi kwa vali iliyo juu yake.

Kengele ndiyo iliyochukua muda. Mkurugenzi wa Itifaki, Bi Kandida Msuwakolo, alisikilizishwa milio kumi na minne na akaikataa yote.

"Siku ya uzinduzi atakuwepo Mlezi Mkuu wa Taifa mwenyewe," alisema. "Ati kitu kimlilie masikioni kama kengele ya mwuza aiskrimu? Sauti inayoruhusiwa kumkatiza Mlezi Mkuu ni moja tu."

Kwa hiyo ukafungwa waya kwenye mdomo wa beseni. Povu likiugusa waya huo, vipaza sauti vyote vya kiwanda vitapiga wimbo wa taifa, beti zote, na kurudia, hadi povu litakaposhuka. Na Maridhia, kama ilivyo kwenye sheria yao namba tatu, wimbo wa taifa ukipigwa kila mtu husimama wima, macho mbele. Atakayejitikisa, miaka miwili jela.

Sadala alipopata habari hizo alikwenda kwa Bi Kandida mguu kwa mguu.

"Mama mkurugenzi, sabuni ikipanda watu wanatakiwa wakimbie."

"Kukimbia kwenye wimbo wa taifa? Ndugu fundi, wewe ni raia wa wapi?"

Juma la mwisho kabla ya uzinduzi walimjia juu ya ngazi yake. Walilivua lile gurudumu la mvuke, wakalipaka rangi ya dhahabu, wakalifunga utepe. Litakabidhiwa kwa Mlezi Mkuu, walisema, kama kumbukumbu ya zama za giza. Vali yenyewe waliiacha palepale kwenye bomba, wazi kabisa ili mvuke ushikwe na vali mpya za kompyuta, shina lake likichomoza uchi kama kidole. Spana zote zikafungiwa stoo, na ufunguo ukapelekwa Wizarani, isije Mlezi Mkuu akaona spana akadhani kiwanda huwa kinaharibika.

"Na wewe watakuweka wapi?" Mwantumu alimwuliza jioni, akimpakulia.

"Kwenye mstari wa wafanyakazi wenye furaha. Wa nne kutoka kushoto."

"Na mvuke ataushika nani?"

"Kompyuta."

Mwantumu aliacha kupakua. "Baba Nuhu, nitazame. Hiyo kompyuta ina mke chumba cha chini?"

Sadala hakula usiku ule. Aliishika diski yake, akaigeuza huku na huku, kana kwamba ina mahali pa kukamatia.

*

Siku ikafika. Kiwanda kilikuwa hakijachemsha sabuni siku saba kwa ajili ya kupakwa rangi. Milango mikubwa ilifunguliwa ili wageni waliokaa uani walione beseni, na jukwaa la Mlezi Mkuu likawekwa mbele ya milango hiyo, hatua thelathini tu kutoka kwenye ngazi ya Sadala.

Mlezi Mkuu alikuwa mzee mnene, mwenye uso wa mtu ambaye viatu vinambana lakini hakuna anayethubutu kumwuliza. Alibonyeza kitufe. Kompyuta ikaamka, ikakiuliza kipimajoto hali ya sabuni. Kipimajoto kikajibu kwa wastani wa juma, na juma zima beseni lilikuwa baridi. Kompyuta ikafungulia mvuke. Ikauliza tena, ikajibiwa vilevile. Ikaongeza mvuke. Kwenye kioo, Uenezi walikuwa wameipaka sabuni rangi ya waridi, na juu yake kulionekana mita mbili za beseni tupu. Watu wakashangilia.

Dakta Sanduli akashika kipaza sauti.

"Mtukufu Mlezi! Jana tulikuwa tukizungusha mvuke kwa mkono, kama watu wanaokoroga uji! Leo mvuke unajizungusha wenyewe, huku sisi tukiwa tumekaa! Ni nani aliyetukalisha?"

"Mlezi!" watu wakaitikia.

"Hatukukaa kwa bahati! Tumekalishwa!"

Akamkabidhi gurudumu la dhahabu. Mlezi Mkuu alilipokea kwa mikono miwili, akalikumbatia kifuani, maana lilikuwa zito.

Hapo ndipo Sadala, wa nne kutoka kushoto, aliposikia sabuni imenyamaza.

Alisikia kabisa. Katika kelele zote zile, makofi, vigelegele, bendi, lile guno alilolizoea miaka ishirini na sita halikuwepo. Alianza kuhesabu dakika zake tano, ingawa hakujua imenyamaza tangu lini. Alitoka kwenye mstari, askari wa itifaki akamrudisha. Alitoka tena. Alipotia mguu wa pili nje ya mstari, povu jeupe lilichungulia kwenye mdomo wa beseni, likaugusa waya.

Wimbo wa taifa ukaanza.

Uwanja mzima ukasimama. Dakta Sanduli aliganda kinywa wazi, mkono mmoja hewani. Bi Kandida alifumba macho kwa fahari, kwani kengele yake ilikuwa inafanya kazi. Vali ndogo ilikuwa imeshapeleka ombi la kujifunga kwa vali kubwa, na vali kubwa, kwa mujibu wa ratiba ya Utumishi, ilikuwa likizo. Na chini, kwenye chumba cha kukatia, ambako kipaza sauti kingine kilikuwa juu ya mlango, wanawake thelathini na wawili walisimama wima kati ya meza zao, macho mbele, huku matone ya kwanza ya moto yakianza kudondoka ukutani.

Sadala alijua wamesimama. Alimjua Mwantumu pia: angetukana kimoyomoyo, lakini asingekuwa wa kwanza kukimbia na kuwaponza wenzake thelathini na mmoja.

Akatembea. Watu elfu tatu wamesimama kama nguzo, na mtu mmoja wa ovaroli mpya anatembea. Viatu vyake vilisikika. Akapanda jukwaani, akasimama mbele ya Mlezi Mkuu, kifua kwa gurudumu.

"Mtukufu, naliomba hilo."

"Simama wima," alisema Mlezi Mkuu kwa pembe ya mdomo, macho mbele.

"Nikisimama, sabuni haisimami."

"Unajua adhabu yake?"

"Naijua. Mke wangu yuko chini ya beseni."

Ubeti wa pili ukaanza. Povu lilikuwa limeshateremka ubavu mmoja wa beseni na linatambaa sakafuni kuelekea mlangoni. Mlezi Mkuu hakugeuza kichwa. Aliona kwa jicho la pembeni, kama watawala wote wanavyoona.

"Mimi siwezi kukupa," alinong'ona. "Nikikupa nitakuwa nimejitikisa."

"Basi usinipe, Mtukufu. Liponyoke tu mkononi."

Mikono ya Mlezi Mkuu haikusogea. Vidole tu ndivyo vilivyolegea, kimoja baada ya kingine, na gurudumu likateleza taratibu juu ya tumbo lake hadi mikononi mwa Sadala.

Alipanda ile ngazi ya chuma vipandio viwili viwili. Povu lilimla soli za viatu na kumbabua kifundo cha mguu. Alilitia gurudumu kwenye shina, utepe na kila kitu, akazungusha. Rangi ya dhahabu ilimbandukia viganjani. Mizunguko tisa, kumi, kumi na moja. Mvuke ukakatika. Alisimama hapo akihema, akisikiliza, mpaka chini kabisa ya beseni akasikia sabuni inaguna.

Povu likauachia waya. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti wa nne, ubeti ambao hakuna mtu Maridhia aliyekuwa anaujua, na watu wakakaa wakishukuru.

Alipoingia chumba cha chini, Mwantumu alikuwa anafuta ukuta kwa gunia.

"Umechelewa," alimwambia. Halafu akakiona kifundo chake, akalitupa gunia. "Kaa hapo. Kaa, nakwambia! Nani kakutuma ukimbie bila buti?"

*

Kesi ilisikilizwa juma lililofuata. Mshtakiwa: Sadala Mkanzabi. Kosa: kujitikisa, hatua sabini na moja, na kupanda ngazi. Mwendesha mashtaka aliita shahidi wa kwanza, Dakta Sanduli.

"Ulimwona mshtakiwa akitembea?"

"Nilimwona kwa macho yangu."

Sadala hakuwa na wakili. Mwantumu alisimama kwenye benchi la watazamaji.

"Mheshimiwa jaji, mtu akiwa anaangalia mbele kama sheria inavyotaka, anamwonaje mtu anayepita pembeni?"

Jaji alifungua sheria namba tatu, akaisoma kimoyomoyo mara mbili.

"Dakta Sanduli," alisema, "macho yako yalikuwa wapi?"

Dakta Sanduli alinyoosha shingo. "Mbele," alisema hatimaye. "Sikumwona mtu."

Mashahidi waliobaki walikuwa mia mbili na arobaini. Wote walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi. Kesi ikafutwa, na taarifa rasmi ikatangazwa redioni: sabuni ya Maridhia, kwa uzalendo wake, ilitulia yenyewe iliposikia wimbo wa taifa.

Lakini Wizara si wajinga. Kimyakimya waliulizana kile kipande cha kuzima kilikwenda wapi, na safari hii kila mkurugenzi alikitaka, Bwana Tegemea akiwa mbele. Mmoja akakumbuka kumwona mgeni akimtia fundi kitu kiganjani, wakaja nyumbani kwa Sadala kwa magari saba. Akawatolea diski. Kukawa na mzozo mlangoni, mpaka Dakta Sanduli akakumbuka kwamba nchi yao ina mila. Akaagiza mkasi.

Diski ikakatwa vipande saba vilivyo sawa kabisa, vikipimwa kwa rula. Kila mkurugenzi sasa anatembea na chake mfukoni, na ikitokea hatari wote saba watakutana wakiunge. Hivyo ndivyo kuzima kulivyogawanywa kwa haki, na kiwanda kikarudi kazini, kompyuta ikiwaka na kioo chake cha waridi.

Likabaki gurudumu. Kwenye kumbukumbu za serikali, gurudumu la dhahabu lilikabidhiwa kwa Mlezi Mkuu na kupelekwa Ikulu, sahihi ipo. Kwa hiyo lile alilolichomoa Sadala kwenye shina akarudi nalo nyumbani halipo, na kitu ambacho hakipo hakiwezi kugawanywa. Mwezi uliopita dereva wa Ikulu alisimamisha gari mbele ya nyumba yake, akamwachia kopo la grisi, akaondoka. Barua hapakuwa.

Kila asubuhi Sadala hulifunga gurudumu kwenye kitambaa na kulitia chini ya kikapu cha chakula. Mlangoni mwa kiwanda askari hukipapasa kikapu, hugusa chuma, hutazama mbele.

"Chakula kizito leo, fundi."

"Mihogo," hujibu Sadala.

Lakini kabla ya hapo, nyumbani, Mwantumu hushika komeo, husubiri kidogo kabla ya kufunga mlango.

"Umebeba?"

"Nimebeba."

"Haya. Msibani kwangu unakaribishwa."